Canter kabla haijawa lori

Kwetu Lushoto ukisema Canter umesema lori: lile dogo la Mitsubishi lenye uso bapa, kabichi zimepangwa kupita kimo cha bodi, turubai limekazwa kwa kamba, na utingo kajilaza juu ya mzigo anatafuna muwa. Canter hushusha mboga hadi Mombo na kuzifikisha Dar es Salaam, hurudi na mabati na saruji, huhamisha watu na vitanda vyao, hupeleka vyombo vya harusi, na msiba ukitokea hupeleka waombolezaji. Wengine huandika Kenta. Mjomba wangu anaendesha Canter tangu mimi sijaanza shule, na katika miaka yote hiyo sikumsikia yeye wala mtu mwingine akiuliza jina hilo limetoka wapi.

Mimi nilikuja kulijua Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, ninakofanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Mmoja wa wazee niliokuwa nawahudumia alitunza farasi maisha yake yote, kwanza kwa watu wa mbio, baadaye kwa watu wa uwindaji. Pale kazini desturi ni kumwita kila mtu kwa jina lake la kwanza. Kumwita mtu wa umri wa babu yangu kwa jina tupu kulinishinda, nikawa namwita Mzee. Akauliza maana yake, nikamweleza. Toka siku hiyo akawa haitiki kwa manesi wenzangu mpaka nao wamwite Mzee.

Jumamosi mchana hakosi mbio za farasi kwenye televisheni. Kabla ya kila mbio farasi hupita mbele ya jukwaa la watazamaji wakielekea mahali pa kuanzia, na hapo ndipo Mzee alipokuwa akikodoa macho kuliko hata wakati wa mbio zenyewe. Nilimuuliza mbona hawa wanakimbia taratibu hivi. Akasema hawakimbii, wanakwenda “canter”. Nikamwambia canter kwetu ni lori la kabichi. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimpe maji, kisha akataka picha. Nikamwonyesha kwenye simu gari la mjomba. Akalitazama kwa muda, akauliza lina nguvu za farasi ngapi.

Jioni ile nikampigia mjomba. “Shikamoo mjomba. Hivi unajua gari lako limepewa jina la mwendo wa farasi? Ule mwendo mlaini, wa raha?”

“Marahaba. Wa nini?”

“Wa raha, mjomba.”

Akanyamaza kidogo. “Hao Wajapani waliolipa jina,” akasema, “hawajapanda Soni na gunia za viazi.”

Mitsubishi walianza kuuza lori kwa jina hilo mwaka 1963. Nadhani walitaka mnunuzi apate picha ya gari linalokwenda bila kujichosha. Kwa kupanda kona za kutoka Mombo kwenda Soni jina hilo lina matumaini makubwa, lakini tuliache.

Mzee alinifundisha miendo ya farasi kwa vidole, juu ya sinia yake ya chakula. Farasi anapotembea, kwato nne hugusa ardhi moja moja, unasikia midundo minne iliyoachana sawasawa. Akienda matiti, mwendo wa haraka kuliko kutembea, miguu hutua kwa mshazari: wa mbele kushoto pamoja na wa nyuma kulia, kisha wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, ikawa midundo miwili. Canter ina mitatu. Mguu mmoja wa nyuma hutangulia, halafu wa nyuma wa pili na wa mbele ulio mshazari nao hutua pamoja, halafu wa mbele uliobaki. Kisha kimya kifupi, farasi yuko hewani, kwato zote nne. Akiongeza kasi mpaka akapiga shoti, ile jozi ya katikati huachana na midundo hurudi kuwa minne. Ndiyo maana Mzee alikasirika niliposema “kukimbia taratibu”. Canter ina mpangilio wake wenyewe wa miguu, na farasi aliyefundishwa vizuri anaweza kwenda canter akapitwa na mwenzake anayekwenda matiti. Kwa kawaida kasi yake ni kama kilomita 16 hadi 27 kwa saa. Alipofika kwenye kile kimya cha mwisho Mzee alikuwa anainua mkono wote juu ya sinia, na supu ikawa inamwagika.

Jina lenyewe ni ufupisho wa Canterbury, mji ulio mwendo mfupi wa basi kutoka pale tulipokuwa tumekaa. Kanisa kuu la mji huo ndilo kiti cha Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye Mwanglikana wa Korogwe au wa Mombasa anamjua kwa cheo hata kama hajui mji uko upande gani wa Uingereza. Tarehe 29 Desemba 1170, askofu mkuu wa wakati huo, Thomas Becket, aliuawa ndani ya kanisa lake na wapiganaji wanne wa Mfalme Henry wa Pili, baada ya ugomvi wa miaka mingi kati yake na mfalme juu ya mamlaka ya Kanisa. Papa akamtangaza mtakatifu mwaka 1173. Mwaka uliofuata mfalme mwenyewe akaja Canterbury peku, akachapwa na watawa mbele ya kaburi la mtu ambaye watu wake walimuua. Mwaka 1220 mwili ukahamishiwa kwenye kaburi jipya lililopambwa kwa dhahabu na vito, na kwa miaka zaidi ya 300 watu wakamiminika: wagonjwa, wenye nadhiri, wenye madhambi, na wale waliotaka tu kutoka nyumbani majira ya kuchipua. Walirudi na vichupa vya bati vyenye maji ya mtakatifu na nishani ndogo za kuchomeka kwenye kofia. Nyingine mpaka leo zinaokotwa kwenye matope ya mto Thames.

Maskini walikwenda kwa miguu. Mwenye fedha kidogo alikodi farasi. Barabara ya kutoka London ilikuwa na watu wa kukodisha, unachukua farasi Southwark unamwacha Rochester, unachukua mwingine unamwacha Canterbury. Bodaboda kabisa, ila ya kupokezana. Mwaka 1396, chini ya Mfalme Richard wa Pili, bei ilipangwa rasmi: peni 12 kutoka Southwark hadi Rochester, 12 nyingine mpaka Canterbury, na 6 kutoka Canterbury kwenda bandari ya Dover. Farasi walitiwa chapa, kwa sababu wapo mahujaji waliosahau kuwarudisha.

Mshairi Geoffrey Chaucer aliandika juu ya msafara wa namna hiyo mwishoni mwa karne ya 14, mahujaji waliokutana kwenye nyumba ya wageni ya Tabard huko Southwark wakakubaliana kusimuliana hadithi njiani. Sitaingia kwenye hadithi zenyewe. Ninachokipenda ni kwamba anatazama farasi wao kama mtu aliyewahi kukodi. Kuna aliyepanda farasi mwembamba na mchafu, kuna baharia anayepanda kama alivyoweza tu, na karibu na mwisho wa safari, kwenye kijiji kilicho kilimani kabla ya Canterbury ambacho yeye anakitania kwa jina la panda-shuka, Mpishi amelewa, anaporomoka kutoka kwenye tandiko, na wenzake wanahangaika kumpandisha tena. Wengi wanaamini kijiji hicho ni Harbledown. Nimekipita kwa miguu siku ya mapumziko. Kilima kipo, na kanisa la zamani la iliyokuwa nyumba ya wagonjwa wa ukoma lipo.

Hadi hapo mambo ni mepesi: mahujaji walikwenda kwa mwendo fulani wa starehe, mwendo ukaitwa wa Canterbury, jina likafupishwa. Ndivyo anavyokwambia kila mtu Kent, hata mwenye duka la magazeti. Mimi nami ningebaki hapo, kama nisingepanda farasi.

Nilipata nafasi kwa kubadilishana jasho. Nje ya kijiji chetu kuna banda la farasi, na mwenye nalo alikubali nije asubuhi nisipokuwa zamu, nizoe mavi, nibadilishe majani ya kulalia, nijaze ndoo za maji, kisha baada ya hapo nifundishwe. Mavi ya farasi hayanuki kama nilivyotegemea. Kinachochosha ni maji: farasi mmoja anakunywa lita 30 au 40 kwa siku, na bomba linaganda wakati wa baridi.

Lazima niseme sisi watu wa bara hatukukua na farasi. Tunamjua kwenye vitabu vya shule, herufi F. Chanzo si uvivu wa mababu. Mbung'o walimmaliza, na palipokosa mbung'o kulikuwa na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi na unaoweza kuua wengi wa wanaoupata. Pwani hali ilikuwa tofauti kidogo, masultani wa Unguja walikuwa na farasi, na punda wamejaa Lamu mpaka leo, ndiyo maana lugha ina matiti, ina telki, ina shoti. Lakini Msambaa aliyekulia milimani hana hata moja ya maneno hayo mwilini. Mara ya kwanza kupewa hatamu nilizishika kama usukani.

Nilipewa farasi jike wa rangi ya kahawia, mzee, mpana, mwenye subira iliyokaribia dharau. Nilianza kwa kutembea, kisha matiti, ambayo ina adabu yake: unainuka na kukaa kufuata mdundo, juu, chini, juu, chini, na ukishaipata unaweza kuongea. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti inayofika mwisho wa shamba, alinizungusha kwa kamba ndefu yeye akiwa katikati, mpaka siku aliyosema leo tunaomba canter.

Kuiomba kuna utaratibu. Mguu wako wa ndani unakaa penye mkanda wa tandiko, wa nje unarudi nyuma kidogo na kubana, unaketi kwa uzito wako wote, unasubiri. Farasi akikubali, mgongo wake unanyanyuka mbele yako na kukuvuta. Si mrusho wa juu-chini ule uliouzoea kwenye matiti, ni mzunguko, mbele na juu na nyuma tena, na nyonga zako zinatakiwa ziufuate. Mwili ambao haujazoea hufanya kinyume. Hubana magoti. Ukibana magoti unajikamua wewe mwenyewe kutoka kwenye tandiko, basi kila mdundo wa pili unakukuta hewani na wa tatu unakupiga kalioni. Ukizidi kupigwa unazidi kubana. Mwalimu alikuwa anapiga kelele: “Pumua! Mbona hupumui?” Na kweli nilikuwa sipumui. Alinishikisha mshipi uliofungwa shingoni mwa farasi ili nisining'inie kwenye hatamu na kumuumiza kinywa kwa lijamu, akaniambia niimbe wimbo wowote, maana mtu hawezi kuimba na kuzuia pumzi kwa pamoja. Nikaimba wa kwaya, ule wa robo tatu tunaouimba wakati wa matoleo. Ulikaa. Kwa nusu duara hivi nyonga zililegea, tandiko likaacha kunipiga, nikasikia kile kimya cha mdundo wa mwisho ambacho Mzee alikuwa anakiinulia mkono.

Kisha ikaisha, jike akarudi kwenye matiti, nikagongwa tena.

Nilipofika kazini na kuketi kwa upande mmoja, Mzee alifurahi sana. Nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua tangu nishuke. Kutoka London hadi Canterbury ni kama kilomita 95. Mimi nusu duara imenitoa jasho, na farasi mwenyewe baada ya dakika chache za canter anataka kupumzika. Mlevi, mtawa, mwanamke mwenye mizigo, mzee mwenye baridi yabisi anayekwenda kuombea magoti yake, hao wanaendaje canter siku mbili tatu mfululizo?

“Hawakwenda canter,” akasema. “Hao walikuwa na farasi wa kuambaa.”

Neno lake lilikuwa “amble”, na akaeleza. Zamani Ulaya farasi wa safari alikuwa na mwendo mwingine kabisa, ambao miguu ya upande mmoja hufuatana, wa nyuma kulia kisha wa mbele kulia, wa nyuma kushoto kisha wa mbele kushoto, haraka haraka, bila farasi kuruka hewani hata mara moja. Mgongo hautikisiki. Anayemjua punda wa Pwani anayekwenda telki na bwana wake kaketi kimya juu ya shogi anaweza kukisia raha yake. Farasi wengine huzaliwa nao, na leo unaweza kuuona kwa farasi wa Iceland. Kwa safari ndefu ulikuwa na thamani kuliko kasi. Na Chaucer, ukimrudia ukiwa na maumivu ya kalio, amelisema wazi: yule mwanamke wa Bath, aliyeolewa mara tano na kuzunguka nusu ya dunia kwa hija, ameketi kwa raha juu ya “amblere”. Hajaenda canter hata hatua moja.

Hapo simulizi niliyouziwa ikaanza kuachia. Nilitumia usiku wa zamu, wazee wakiwa wamelala, kutafuta tarehe, na tarehe zikawa na mambo. Kaburi la Becket lilivunjwa mwaka 1538 kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane, dhahabu yake ikachukuliwa kwa hazina, na hija ikafa. Maneno ya “mwendo wa Canterbury” na “shoti ya Canterbury” yanaanza kuonekana katika maandishi miaka ya 1630. Kitenzi kifupi “canter” kinaonekana mwaka 1706. Yaani wakati Waingereza wanaanza kuuita mwendo huu kwa jina la mahujaji, mtoto wa mwisho aliyewahi kuona hujaji akipita na farasi alikuwa kaburini. Walioliunda neno walikuwa wanawakumbuka watu ambao hawakuwaona.

Na katikati ya hapo farasi wenyewe walikuwa wanabadilika. Barabara zilipotengenezwa watu walihamia kwenye magari ya kukokotwa, na farasi wa gari anafaa matiti. Matajiri walitaka farasi wa mbio na wa kuwinda, wakaleta madume ya Mashariki, kama yule aliyenunuliwa Aleppo na kuletwa Yorkshire mwaka 1704, ambaye damu yake inapita kwa karibu kila farasi wa mbio leo. Farasi wa kuambaa wakapungua mpaka wakapotea Uingereza. Jina la mwendo wa raha likabaki linazurura halina mwenyewe, likatua kwenye mwendo mlaini kuliko yote iliyobaki. Ukitaka kuona neno likiwa bado kati ya nyumba mbili, angalia kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755: anaieleza shoti ya Canterbury kuwa ni shoti ya mkononi, yaani ya kudhibitiwa, ya farasi wa kuambaa, inayoitwa kwa kawaida canter, na inasemekana imetokana na watawa waliokuwa wakienda Canterbury juu ya farasi laini wa kuambaa. Farasi mmoja, miendo miwili, sentensi moja. Mimi naamini Johnson alikuwa anajua kuna kitu hakikai sawa, ndiyo maana akaandika “inasemekana”.

Baada ya hapo neno lilistawi. Farasi anakwenda canter. Na wewe unaweza kumpeleka canter, kitenzi hicho hicho kinabeba mpanda na mpandwa. Farasi wa mbio akienda kuanza hupasha misuli kwa canter. Timu ikishinda mabao matano bila, magazeti ya Uingereza huandika imeshinda kwa canter, yaani haikuhitaji kupiga shoti. Mwanafunzi anapita mtihani kwa canter, mwanasiasa anapita uchaguzi kwa canter. Mji wenyewe nao uligawa jina lake ovyo: kuna ua la buluu lenye umbo la kengele, kuna kirafu chenye miguu cha kuwekea karatasi za muziki, na zamani “hadithi ya Canterbury” ilikuwa ni porojo ndefu isiyo na ukweli. Wamarekani wa ng'ombe walikataa kabisa, wao mwendo huo wanauita kwa neno lingine, na Mzee alikuwa akilisikia hugeuza uso.

Katika matumizi hayo yote wepesi ni wa mtu aliyekwisha kukaa vizuri. Hakuna mtu aliye kwenye nusu duara lake la kwanza angechagua neno hili kumaanisha kazi nyepesi. Aliyelichagua alipandishwa farasi angali mdogo, hakumbuki tena kwamba kuna siku alibana magoti. Naliona hata kazini: nesi mzoefu anamgeuza mgonjwa mzito kitandani peke yake akikuhadithia habari za wifi yake, na mgeni pembeni anatokwa jasho kwa kushika mguu mmoja tu.

Kuna siku msimamizi wetu aliruhusu nimpeleke Mzee bandani. Tulipita barabara kuu ya A2, ambayo sehemu kubwa imelala juu ya barabara ya Warumi, ndiyo hiyo hiyo ya mahujaji. Nikamweleza habari ya tarehe zangu, kwamba neno limekuja miaka mia baada ya hija kufa. Nilidhani atakubali. Akakataa kata kata.

“Hija ilikufa,” akasema. “Dover ilikufa?”

Hoja yake ilikuwa hivi. Barabara ya Canterbury ndiyo ya Dover, na Dover ndiyo Ufaransa. Wajumbe wa mfalme, wafanyabiashara, wanajeshi, wote waliendelea kupita baada ya 1538, na wakodisha farasi hawakufunga kazi kwa sababu mtakatifu kavunjiwa kaburi. Farasi wa kukodi anajua njia yake. Anajua kituo kilipo, anajua pishi lake la shayiri liko mbele, anajiwekea mwendo wake ambao mpanda hawezi kuubadili hata akimpiga. Huo ndio mwendo wa Canterbury, akasema Mzee, wa farasi wa kazi anayejua nani atamlisha, na watu wa 1630 walikuwa wameukalia kwa makalio yao wenyewe. Hawakuhitaji kukumbuka mtawa yeyote. Mahujaji walitiwa baadaye na watu wa vitabu kwa sababu wanapendeza. Lori la kwenda bandarini likatupita likaturushia maji, naye akalionyesha kwa kidole, kana kwamba ni shahidi aliyeitwa.

Bandani nilitaka anione. Nikatandika, nikapanda, nikaenda canter mkono wa kushoto raundi nzima bila kushika mshipi. Mkono wa kulia ukawa kama siku zote: jike anakataa, au anaanza na mguu usio wake, anapinda kwenye kona, anarudi matiti. Mwalimu akasema nimekaa kombo. Na kweli huwa nakaa kombo.

Mzee hakuwa ananitazama mimi. Akamwomba mwalimu amlete yule jike kwenye kiti chake cha magurudumu, akainama, akateremsha kiganja kwenye mguu wa nyuma wa kushoto polepole mpaka kwenye kifundo, akakiacha hapo. Akaenda kwenye wa kulia, akarudi kwenye wa kushoto. Canter ya kulia, akamkumbusha mwalimu, inaanzishwa na mguu wa nyuma wa kushoto. Ndio unaosukuma mwili wote juu. “Huyu hakatai,” akasema. “Anaumwa.”

Daktari wa mifugo alikuja wiki iliyofuata, akapiga picha, akakuta baridi yabisi imeanza kwenye kifundo hicho. Jike sasa anabeba watoto kwa kutembea tu, na anapewa dawa ndani ya pumba. Mimi nimehamishiwa kwa dume kijana aliyehasiwa, ambaye canter haombwi. Anaanza mwenyewe ukikohoa tu, na somo langu la siku hizi ni jinsi ya kumrudisha kwenye matiti.